Bunduki Inatikisikia Nyuma: Jibu kwa Mwindaji wa Tabora

Msomaji mmoja wa Tabora, mwenye leseni ya uwindaji wa wenyeji, ameniandikia kuhusu raifo yake ya risasi za .30-06 yenye darubini. Anasema akiwa uwanja wa shabaha, amekaa mezani na mifuko ya mchanga, risasi zake tatu kwa mita 100 zinaingia zote kwenye mduara mdogo kuliko kiganja. Akiingia porini msalaba wa darubini, ile mistari ya kulengea, unacheza hadi anakata tamaa. Msimu uliopita alimlenga kongoni kwa umbali wa mita kama 120, akauegemeza mtutu kwenye shina la mti, na risasi ikapita juu ya mgongo. Siku nyingine aliweka bunduki begani kwa mwenzake, akakosa tena, na mwenzake akashinda siku nzima masikio yanamlia. Anauliza kama anunue ile miguu miwili ya chuma inayofungwa chini ya bunduki. Mwishoni anauliza kaka yake mkubwa, ambaye goti linamsumbua na hawezi kupiga magoti, afanyeje.

Ndugu yangu, nakushukuru kwa kueleza kila kitu bila kuficha, maana maelezo yako yanaonyesha shida ilipo. Bunduki yako ni nzima, na macho yako ni mazima. Kinachokusumbua ni kwamba kila ulipotafuta egemeo uliangalia mbele ya bunduki tu. Wawindaji wengi niliowafundisha wana tabia hiyo. Wanatafuta panda ya mti au kichuguu, wanaweka hapo mbao ya mbele, ile iliyo chini ya mtutu, kisha kitako cha bunduki na kiwiko cha kulia vinabaki vinaning'inia hewani. Msalaba unaendelea kucheza, nao wanalilaumu egemeo.

Fanya hesabu kidogo. Raifo yako ina urefu wa mita moja na ushei. Mbele ikiwa imetulia kabisa na kitako kikapanda au kushuka milimita moja tu, kwa mita 100 risasi inahama takriban sentimita 10. Kwa mita 120 inahama sentimita 12. Sehemu ya moyo na mapafu ya swala pala ina upana wa sentimita 15 hivi, na ya kongoni ni kubwa kidogo. Ukilenga katikati ya duara la sentimita 20, una sentimita 10 tu za kukosea kila upande. Maana yake milimita moja begani inatosha kukutoa nje ya duara hilo, kuelekea uti wa mgongo au tumbo. Kule mezani huoni shida hii kwa sababu meza inabeba viwiko vyote viwili, mfuko wa mchanga unabeba mbele, na mara nyingi mfuko wa pili uko chini ya kitako. Meza ni egemeo la mbele na la nyuma kwa pamoja. Porini unalitupa la nyuma, halafu unategemea matokeo yaleyale.

Basi kanuni ninayoishikilia kuliko zote ni hii: ukishapata kitu cha kuweka mbele, kazi imefika nusu. Tafuta cha kuweka nyuma. Mara nyingi si kitu cha kununua. Ni goti lako, begi lako, koti lililokunjwa, fimbo ya kutembelea, au ardhi yenyewe.

Kabla ya kuendelea na hayo, nikueleze risasi ya yule kongoni ilipotea vipi. Uliugusisha mtutu na mti. Risasi inapopita ndani yake, mtutu unatetemeka kama uzi wa zeze uliopigwa, na mtetemo huo huwa uleule kila mara mradi mtutu uko huru. Ukiugusisha na kitu kigumu, unausukuma uondoke kwenye kile kitu. Ukiwa umelala juu ya tawi, risasi inapanda. Ukiwa umebanwa ubavuni mwa shina, risasi inakwenda upande wa pili. Hata mbao ya mbele ikiwekwa moja kwa moja juu ya jiwe au gogo kavu huruka, ingawa si sana kama mtutu wenyewe. Kwa hiyo mtutu haugusi kitu chochote, siku yoyote, na kati ya mbao na egemeo pawe na kitu laini: kofia, kitambaa, mkono wako wa kushoto. Mkono ndio ninaoupenda zaidi, kwa sababu huwezi kuusahau kambini.

Hapo niongeze jambo ambalo watu wenye bunduki za kalibari kubwa, yaani za risasi nene, hawaambiwi. Baadhi ya raifo za .375 na zaidi zina pete ya mkanda iliyofungwa kwenye mtutu badala ya kwenye mbao. Ukiukaza mkanda huo mkononi ili upate utulivu, unauvuta mtutu chini na risasi inahama. Kwa bunduki ya namna hiyo, mkanda ni wa kubebea tu. Yako ya .30-06, kama pete zote mbili zipo kwenye mbao, unaweza kuutumia mkanda kwa kulengea bila wasiwasi.

Sasa mti. Miombo ya Tabora imekujalia mashina kila baada ya hatua chache, kwa hiyo jifunze kuutumia mti vizuri kuliko kitu kingine chochote. Chagua shina nene kiasi cha paja au zaidi, maana shina jembamba linayumba na upepo na utayumba nalo. Kama unatumia bega la kulia, jitokeze upande wa kulia wa mti. Nyoosha mkono wa kushoto, kiganja kikae bapa juu ya gome, kidole gumba kitokeze pembeni. Mbao ya mbele ilale juu ya kile kidole gumba na ile nyama iliyo kati yake na kidole cha shahada. Bunduki isiguse gome hata kidogo. Kisha egemea mbele, uzito wa mwili uende mtini kupitia mfupa wa mkono ulionyooka, si kupitia misuli. Misuli ikibeba uzito huchoka na kutetemeka ndani ya sekunde chache. Mfupa hauchoki.

Hilo ni la mbele. Nyuma je? Umesimama, kiwiko cha kulia kiko hewani. Hapa una njia mbili nzuri. Ya kwanza ni kushuka: piga goti moja pembeni ya mti, goti la kulia chini, goti la kushoto juu, ubavu wa kushoto au bega likigusa shina. Ukifanya hivyo mwili mzima umeshikwa, na kitako hakina tena nafasi ya kupanda na kushuka. Ya pili, kama nyasi ni ndefu na huwezi kushuka, ni kuvua begi la mgongoni na kulibana kati ya kiwiko cha kulia na mbavu zako. Begi lililojaa nguo na chupa ya maji hufanya kazi hiyo vizuri sana. Linaonekana jambo dogo, lakini ukijaribu mara moja utaona msalaba unavyotulia. Wanafunzi wangu hufungua macho kwa mshangao wakijaribu hilo kwa mara ya kwanza, na huwa nafurahi sana kuliona.

Kwenye goti kuna kosa linalorudiwa kila mahali, nalo ni kuweka ncha ya kiwiko juu ya kilele cha goti. Mfupa wa mviringo juu ya mfupa wa mviringo hautulii, unateleza. Sogeza mkono mbele kidogo hadi ile nyama ya nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, ilale kwenye sehemu bapa iliyo mbele ya goti. Ukikaa chini kabisa na miguu imetanuka, viwiko vyote viwili viingie upande wa ndani wa magoti. Mkao huo wa kukaa ndio ninaouona bora kwa pori letu. Unakuinua juu ya nyasi fupi, unabeba viwiko vyote viwili, na hauhitaji kitu chochote. Ukiongeza fimbo mbele, umekaribia meza ya uwanjani.

Kichuguu ni zawadi, ila kina mambo yake. Udongo wake ukikauka ni mgumu kama saruji, kwa hiyo weka kofia au koti kabla ya kuweka mbao. Usipande juu ya kilele, maana unajianika kwa mnyama na huna pa kuweka viwiko. Lala kwenye mteremko wake, kifua kikiwa kimelala, ili kichuguu kibebe kiwiko cha kulia na cha kushoto kwa pamoja. Hapo mbele na nyuma vimetimia kwa mara moja. Angalia mashimo kwanza, sababu fira na swila hupenda kuishi humo, na pia angalia kama njia ya siafu haijapita. Mdomo wa mtutu uvuke ukingo wa kichuguu. Ukiuacha nyuma ya ukingo, mlipuko utarusha vumbi usoni kwako na hutaona mnyama amekwenda wapi.

Kuna hatari nyingine hapohapo ambayo ningependa uikariri. Darubini inakaa juu ya mtutu kwa sentimita 4 hivi, na nyingine 5. Unaweza kuchungulia darubini ukaona mnyama wazi kabisa, wakati mtutu wenyewe unatazama udongo au gogo lililo mbele ya pua yake. Nimeona magogo yenye mfereji wa risasi juu yake, na mwenye bunduki anaapa kwamba alikuwa anamwona mnyama vizuri. Kweli alikuwa anamwona. Kabla hujashika triga, inua kichwa kidogo, tazama kando ya mtutu, hakikisha njia yake ni nyeupe. Vitawi pia: tawi jembamba kama kalamu linatosha kuigeuza risasi, na kupitia darubini tawi lililo karibu halionekani kabisa kwa sababu darubini imelenga mbali.

Nikija kwenye bega la mwenzako, jibu langu ni fupi: usirudie. Mlio wa raifo kwenye mdomo wa mtutu unafika desibeli 160 hivi, na sikio linaanza kuharibika kwa mlio wa ghafla wa desibeli 140. Aliyekupa bega alikuwa karibu sana na huo mlipuko. Ile sauti inayolia masikioni ni dalili ya madhara, na yakijirudia hayaponi. Halafu hata kwa kulenga, bega la mtu ni egemeo bovu, kwa kuwa anapumua na moyo wake unapiga, na unayachukua yote mawili juu ya yako. Najua porini jambo hili limezoeleka na wafuatilia nyayo hulitoa bega kwa ukarimu. Uwakatalie kwa upole. Mwenzako akitaka kukusaidia, akae nyuma yako, masikio ameyaziba, akushikie kitu kingine nitakachokieleza sasa hivi.

Hicho kitu ni fimbo. Wawindaji bingwa karibu wote wanaoongoza wageni Tanzania wanatembea na fimbo tatu zilizofungwa pamoja, na mfuatilia nyayo huzibeba mbele yao. Kulengea juu ya fimbo ni jambo la zamani: wawindaji wa nyati wa Marekani katika karne ya 19, na zile bunduki zao nzito za Sharps, walikaa chini na kulengea juu ya fimbo mbili zilizopishana. Huna haja ya kununua. Kata miti mitatu iliyonyooka, minene kama kidole gumba au zaidi kidogo. Mkole unafaa sana kwa sababu ni mgumu na haupasuki kirahisi, na mianzi iliyokauka ni myepesi zaidi. Urefu ufike kidevuni kwako. Pima sentimita 12 hivi kutoka juu, uzifunge hapo kwa kamba ya mpira wa ndani wa baiskeli, si kwa nguvu mno, ili zifunguke na kufungika. Sehemu iliyobaki juu ya fundo ndiyo inayofanya panda ya kuwekea bunduki, nayo izungushie mpira uleule isikwaruze mbao wala kutoa mlio. Chini zichonge kidogo zishike ardhi.

Ukizisimamisha, mguu mmoja uelekee kwa mnyama na miwili ibaki upande wako. Ukiziegemea kidogo kwenda mbele, ule mguu mmoja unakupinga, na kule kupingana ndiko kunakokutuliza. Bunduki ikae kwenye panda mbele ya magazini, na mkono wa kushoto ushike fundo na mbao kwa pamoja. Urefu uurekebishe kwa kutanua au kubana miguu, usiurekebishe kwa kukunja mgongo wako. Ukijikuta umeinama au umesimama kwa vidole, zishushe au zipandishe upya, hata kama mnyama anaondoka.

Lakini hapa tena nakuuliza: nyuma je? Mtu amesimama juu ya fimbo tatu nzuri kabisa, na kiwiko cha kulia kinaning'inia. Ndiyo maana hata kwenye fimbo watu wengi wanakosa. Chukua fimbo ya nne, ndefu kama ya kutembelea. Isimamishe ardhini kwa nyuma, ncha yake ya juu iingie chini ya kwapa la kulia au chini ya kitako chenyewe, na uibane kwa mkono. Ikiwa mwenzako yupo, yeye ndiye aishike hiyo fimbo ya nyuma. Yuko nyuma ya bega lako badala ya kuwa karibu na mdomo wa mtutu, na anakusaidia mara mbili ya alivyokusaidia kwa bega. Siku hizi zinauzwa fimbo za miguu minne zinazobeba bunduki mbele na nyuma, na zimewasaidia wageni wengi wasio na mazoezi. Ni nzuri, ila ni nzito na zinachelewa kufunguka vichakani. Fimbo tatu na moja zinakupa kitu kilekile.

Miguu miwili ya chuma uliyoniuliza siipendi kwa pori lako. Imetengenezwa kwa mtu aliyelala chini, na ukilala chini kwenye miombo mwezi wa Julai unaona nyasi tu. Inaongeza uzito puani mwa bunduki na inanasa kwenye vichaka. Pale inapofaa ni kwenye mbuga wazi iliyoungua, mahali ambapo unaweza kulala na kuona mita 200 bila kizuizi. Hata huko begi la mgongoni likiwekwa mbele na koti lililokunjwa likiwekwa chini ya kitako ni bora, kwa sababu koti hilo unaweza kulifinya kwa mkono wa kushoto na kupandisha au kushusha msalaba kwa unyoya. Fedha uliyotaka kununulia chuma nunua risasi za mazoezi. Na ukilala chini na bunduki yenye teke kali, yaani inayorudi nyuma kwa nguvu ikifyatuliwa, angalia jicho. Kulala kunaleta uso karibu na darubini, na bega halina pa kurudi. Acha nafasi ya sentimita 8 au 9 kati ya jicho na darubini, la sivyo utapasuka nyusi.

Ukishajijenga juu ya egemeo, kuna kipimo kimoja kinachokuambia ukweli. Weka msalaba juu ya mnyama, fumba macho, vuta pumzi na kuitoa, legeza mabega, kisha fumbua. Msalaba ukiwa umehama, ina maana ulikuwa unaushikilia pale kwa misuli, na misuli itakusaliti wakati wa kubonyeza triga. Usiusukume urudi kwa mikono. Sogeza mwili mzima: nyayo, makalio, au begi, mpaka ukifumbua macho unaukuta palepale ulipouacha. Mwanzoni itakuchukua muda mrefu. Ukizoea ni jambo la pumzi mbili. Kisha toa pumzi hadi pale inaposimama yenyewe, na ubonyeze triga taratibu katika utulivu huo. Zikipita sekunde saba au nane hujafyatua, acha, pumua, anza upya. Jicho linalokosa hewa hufifia kabla wewe hujajua.

Moyo ni jambo jingine. Ukiwa umekimbia kumkata mnyama njia au umepanda mlima, hakuna egemeo duniani litakalokutuliza mara moja. Kwa hiyo ninawaambia watu wachague egemeo kabla ya kumfikia mnyama. Unaponyemelea, usiangalie kundi tu. Angalia kichuguu kipi au mti upi una umbali unaouweza, na uende huko. Ukifika pale, umefika pa kufyatulia. Watu wengi hunyemelea vizuri sana hadi mita 80, kisha wanajikuta wamesimama katikati ya uwazi bila kitu cha kushika, na hapo ndipo wanapofyatua kwa kusimama wima kwa sababu kongoni ameinua kichwa. Mwindaji wa kawaida akisimama bila egemeo, mita 50 zinamtosha, na nasema hivyo kwa kumheshimu mnyama. Nafahamu kwamba W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja kule Uganda mwanzoni mwa karne iliyopita, alifyatua akiwa amesimama huru, tena kwa kalibari ndogo ya .275. Lakini mtu huyo alikuwa akilenga na kubonyeza triga tupu, bila risasi, kila siku kama sehemu ya kazi yake. Asiyefanya hivyo asijipime naye.

Hayo mazoezi ya triga tupu unaweza kuyafanya nyumbani kwako. Hakikisha chemba ni tupu, hakikisha magazini ni tupu, kisha mwombe mtu wa pili ahakikishe, na risasi zikae chumba kingine. Weka risasi bandia kwenye chemba ili pini isiumie. Elekeza mtutu kwenye ukuta imara usio na mtu nyuma yake. Kila jioni fanya mara chache kutoka kwenye fimbo, mara chache umekaa, mara chache umepiga goti. Ukifyatua na msalaba usitikisike, umeipata.

Kisha nenda uwanjani, uiache meza. Chukua karatasi, chora duara la sentimita 15, na ufyatue risasi tano kutoka kwenye fimbo zako kwa mita 50. Zikiingia zote tano, rudi nyuma mita 25. Endelea mpaka moja itoke nje. Umbali wa mwisho ambao zote ziliingia ndio umbali wako kwenye fimbo, na rudia zoezi hilohilo kwa kukaa, kwa goti na kwa mti. Utapata namba nne tofauti. Ziandike kwenye kipande cha plasta ukibandike kwenye kitako cha bunduki. Angalia pia zinapopiga: bunduki iliyowekwa sawa juu ya mfuko wa mchanga wakati mwingine hupiga pembeni kidogo ikiwa juu ya fimbo, kwa kuwa inaruka kwa namna nyingine. Kama tofauti ni kubwa, rekebisha darubini kwa namna unayoitumia porini, si kwa namna ya mezani.

Yapo mambo mawili ambayo najua unayajua, ila siwezi kuyaacha. Boneti na dirisha la gari ni egemeo zuri sana, na ndiyo maana vinashawishi. Sheria ya wanyamapori inakataza kufyatua kutoka kwenye gari, na inakataza kwa haki. Pili, risasi ya .30-06 inaweza kwenda zaidi ya kilomita tatu. Mnyama aliyesimama juu ya ukingo na mbingu nyuma yake haifai kumfyatulia hata ukiwa na egemeo bora kiasi gani, maana hujui nani anachunga au anarina asali upande wa pili.

Ukishafyatua, usiruke. Hilo nalo ni faida ya kujijenga vizuri. Vuta bolti, lile komeo la kupakia risasi nyingine, bunduki ikiwa begani, rudisha msalaba, tazama. Weka akilini mti aliokuwa amesimama karibu nao na upande aliokimbilia, umwambie askari wa wanyamapori uliyeongozana naye kabla hujasogea hatua moja. Ukihama kwenye egemeo, pori linabadilika sura na utatafuta damu mita 30 kutoka pale ilipo.

Sasa kaka yako mkubwa. Mpe shikamoo yangu, na umwambie goti bovu halimwondoi porini. Asipige magoti kabisa. Mtengenezee fimbo fupi za pili zinazomfika kifuani akiwa amekaa, na abebewe kigoda kidogo cha kukunja. Akifika kwenye eneo, akae kwenye kigoda huku mgongo wake umeegemea shina la mti au kichuguu, fimbo zikiwa mbele, begi mapajani chini ya kiwiko cha kulia. Mgongo ulioegemea ni egemeo la nyuma bora kuliko yote niliyoyataja, nami nina wazee ninaowafahamu wanaolenga hivyo vizuri kuliko vijana waliosimama. Jambo moja la kuangalia: mgongo ukiwa umebanwa na mti, teke la bunduki halina pa kwenda isipokuwa begani. Kwa .30-06 atavumilia, akiwa amekunja koti kati ya mgongo na gome. Kama anatumia .375, mti uguse kiuno tu na mabega yabaki huru.